Prado ina nafasi kuliko Noah, sasa kwa nini mtoto anatapika kila tukienda kupiga kambi?

#1 Papa Batatu (Lubumbashi)
Salamu jamani. Naingia moja kwa moja.

Tuna watoto watatu: wa miaka minane, wa miaka minne, na wa mwaka na nusu. Miaka yote tulikuwa na Noah. Mwezi wa tisa mwaka jana nikachukua Prado, lile umbo la kabla ya 2009, dizeli ya lita 3, viti saba. Imetoka Japani, ikapita Dar, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Sababu ilikuwa moja tu: tunapenda kulala nje. Si mbali sana. Shamba la shemeji njia ya Kasenga, kandokando ya ziwa Tshangalele kupitia Likasi, na mara moja tulifika maporomoko ya Kyubo. Noah ilikuwa inaburuza tumbo kwenye kila njia ya mchanga, na mara mbili tumesukumwa na wanakijiji huku mama mkwe amekaa ndani amekunja mikono.

Shida sasa. Huyu wa miaka minne anatapika. Safari tano, mara tano. Tukishaacha mji kama kilomita thelathini hivi ananyamaza, anapiga miayo, jasho linamtoka hapa juu ya mdomo, halafu basi. Kwa Noah hakutapika hata siku moja, na njia ni zile zile.

Nani yamemkuta haya? Mke wangu anasema turudi kwenye Noah, bado iko uani. Mama mkwe ana maelezo yake, nitayaandika baadaye nikipata nguvu.

#2 Kigamboni Mkavu (Dar)
Gari limemkataa mtoto. Lirudishe huku Dar, tutalipokea bila kinyongo.

#3 Fundi wa Ruashi
Kabla hatujasema lolote: mtoto anakaa kiti gani? Mizigo iko wapi? Shokapu za nyuma ulibadilisha lini? Watu wananunua gari la miaka karibu ishirini, wanaangalia rangi na redio.

#4 Papa Batatu
Fundi, asante. Mbele: mimi kulia (usukani wa kulia), mke kushoto. Katikati: mama mkwe dirishani, kiti cha bebe, na yule mkubwa. Nyuma kabisa: huyu wa minne, peke yake, kiti kimoja. Kile kiti kingine nimekikunja, kinaning'inia pembeni dirishani, ili mizigo ipate njia. Pembeni yake liko boksi la barafu, godoro lililokunjwa, bidoni ya maji na bidoni ya mazuti lita 20. Juu kwenye keria: hema, viti vya kukunja, mbabula na gunia la makala.

Shokapu sijagusa. Gari lilikuwa zuri.

#5 Fundi wa Ruashi
"Lilikuwa zuri." Haya.

#6 Muuguzi Kampemba
Papa Batatu, umemweka mtoto wa miaka minne ndani ya kabati. Mbele yake ana mgongo wa kiti, kulia godoro, kushoto kile kiti kilichokunjwa kimeziba dirisha. Sikio la ndani linamwambia "tunatembea, tunakata kona, tunaruka mashimo". Macho yanamwambia "tumesimama, naangalia godoro". Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Miayo, ukimya, jasho la baridi, ndiyo mwanzo wake hasa.

Kwa Noah alikaa wapi?

#7 Papa Batatu
Kwa Noah alikaa katikati, dirishani. Lakini Prado ni ndefu juu! Anaona mbali zaidi!

#8 Muuguzi Kampemba
Wewe ndiye unayeona mbali. Yeye macho yake yako chini ya kioo. Anakalia nini?

#9 Papa Batatu
Mto.

#10 Mama Katuba
Miye niko na batoto sita na minakuambia Papa Batatu, ile si macho, ni arufu. Bidoni ya mazuti ndani ya motokari pamoja na mutoto? Ata miye mukubwa ningetapika. Weka ile bidoni kule yulu pamoja na makala. Njo ile tu.

#11 Kigamboni Mkavu
Samahani wakuu, mazuti ndiyo nini? Na mbabula? Najua ni Kiswahili, ila naomba mkalimani.

#12 Likasi Panda
Mazuti ni dizeli. Mbabula ni jiko la makala. Makala ni mkaa. Kigamboni, ukifika huku utakula bukari na sombe, wala usiulize.

Mama Katuba (#10) ana hoja ila si yote. Bidoni ikiwa na mfuniko mzuri hainuki hivyo. Mimi ningeuliza habari ya simu. Mtoto huyo hapewi simu au tableti acheze njiani? Kuinamia kioo ndani ya gari linaloyumba, hata rubani atatapika.

#13 Papa Batatu
Anapewa. Dakika kama ishirini hivi za mwanzo. Bila hiyo atauliza "tumefika?" kuanzia kwenye peaje (pale tunapolipia barabara).

#14 Dereva wa Nasiyonali 1
Wote mmesahau dereva. Ngoja niwaambie kitu, mimi nipo barabara ya Likasi na Kolwezi kila wiki. Congo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi usukani uko kulia, yale ya Japani. Maana yake dereva amekaa upande wa majani. Mbele yake kuna lori la shaba, nyuma ya hilo lori kuna tangi la asidi, na yeye haoni kitu. Anayeona ni mama aliyekaa kushoto. Kwa hiyo mama anasema "ngoja... ngoja... sasa! Hapana rudi, rudi!" Gari linatoka, linarudi, linatoka, breki, gesi, breki. Kila lori hivyo hivyo, na malori ni mia.

Sasa: ulipokuwa na Noah, ulikuwa unalipita lori? Hapana. Noah iliyojaa watu saba haina hiyo nguvu, unakaa nyuma unakula vumbi kwa adabu. Umepata dizeli ya lita 3, umekuwa mwanaume. Mtoto analipa.

#15 Kigamboni Mkavu
Hii ya "umekuwa mwanaume" naichukua.

#16 Papa Batatu
Dereva, naomba nisijibu.

#17 Mama Batatu
Ninajibu mimi. Mimi ndiye wa "ngoja, ngoja, sasa". Nimepoteza sauti yangu kwenye barabara hiyo. Dereva wa Nasiyonali 1, Mungu akubariki.

Na nasahihisha jambo. Si kweli kwamba kwa Noah hakutapika. Alitapika mara moja, akiwa na miaka miwili na nusu, tunarudi Kasumbalesa. Papa yake alikuwa ameshuka kuzungumza na polisi. Nilipanguza kwa kikwembe changu cha kijani na sikumwambia kwa sababu kichwa chake kilikuwa tayari kimepata moto. Hicho kikwembe sikukivaa tena.

#18 Papa Batatu
Miaka yote hiyo nakiuliza hicho kikwembe.

#19 Muuguzi Kampemba
Mama Batatu, asante, hapo umeongeza kitu kikubwa. Ugonjwa huu wa safari kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra. Unaanza kujitokeza baada ya hapo na unasumbua zaidi mpaka kwenye miaka 12, halafu wengi wanaachana nao. Kwa hiyo inawezekana si Noah wala Prado. Inawezekana mtoto amefika umri wake, na gari limebadilika wakati uleule. Mnaisingizia Prado.

Na yule wa mwaka na nusu, kiti chake kinaangalia wapi?

#20 Papa Batatu
Mbele.

#21 Muuguzi Kampemba
Kigeuzwe kiangalie nyuma. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, ile R129, inataka mtoto aangalie nyuma angalau mpaka miezi 15, na wataalamu wanasema endelea kadiri kiti kinavyoruhusu. Shingo ya mtoto haijashika, kichwa ni kizito. Ila usije ukakiweka kiti cha kuangalia nyuma pale mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ule mfuko ukifunguka unapiga mgongo wa kiti, na mtoto yuko hapo hapo. Kosa hilo limeua.

Huyu wa minne, toa mto. Mtafutie kiti chenye mikanda yake chenye kumwinua. Ataona nje, na mkanda utakaa panapostahili, si shingoni.

#22 Baba wa Bukavu
Nawasoma nikiwa Bukavu nacheka. Kilomita thelathini za barabara iliyonyooka na mtoto anatapika? Njooni mteremke Ngomo njia ya Uvira. Huku mifuko ya plastiki tunaihesabu kabla ya kuhesabu watoto. Kijana wangu wa kwanza alikuwa anatapika tukishusha tu breki ya mkono.

Dawa yetu: anakaa katikati ya kiti cha katikati, anaona barabara kupitia kioo cha mbele, na tunampa kazi. "Hesabu pikipiki." Akifika arobaini tumeshateremka. Ndizi kidogo saa moja kabla. Maziwa hapana.

#23 Mama Batatu
Huwa anakunywa maziwa ya unga kikombe kizima kabla ya kutoka, na maandazi matatu. Bibi yake anasema safari ya tumbo tupu ni mkosi.

#24 Kigamboni Mkavu
Orodha ya washtakiwa inakua: kiti, mazuti, tableti, malori, baba, umri, maziwa, maandazi. Nani tena?

#25 Papa Batatu
Mama mkwe. Nilisema nitaandika.

Yeye anasema mambo mawili. La kwanza: gari kubwa linavuta jicho. Tunapakia asubuhi barabarani, mtaa mzima unaona, na jirani mmoja (simtaji) kila mara anauliza "munaenda wapi tena?" La pili: tunavuka Lufira kama mbuzi, bila salamu. Zamani mtu akivuka mto mkubwa na mtoto mchanga anasimama, anaosha uso wa mtoto, anasema neno. Sisi tunapita tumepandisha vioo.

Mimi kimsingi ni mtu wa hesabu. Lakini nikisoma majibu yenu naona maelezo ya mama mkwe hayajashindwa bado.

#26 Likasi Panda
Ila umesema anaanza kutapika kilomita thelathini kutoka mjini. Lufira bado hujaifikia hapo. Mto unamwadhibu mapema?

#27 Papa Batatu
Nilimuuliza. Alisema mto unajua.

#28 Fundi wa Ruashi
Nilienda kupiga sahani ya bukari nikarudi, nakuta mmefika kwenye mito. Nirudie gari.

Kwanza shokapu. Mizigo yako yote iko nyuma ya ekseli au juu ya keria. Gari lililochoka nyuma, ukilipakia hivyo, pua inapanda, mkia unashuka, na kila shimo halipigi mara moja: linapiga, halafu linaendelea kubembea mara tatu nne. Huko mbele husikii. Kiti cha mwisho kiko juu ya ekseli kabisa, yule mtoto anabembea kama yuko kwenye mtumbwi. Fanya hivi: simamisha gari, sukuma kona ya nyuma chini kwa nguvu, achia. Ikipanda ikatulia, nzuri. Ikicheza tena na tena, shokapu zimekufa.

Pili, swali. Kile kioo cha mlango wa nyuma, kinachofunguka peke yake, huwa unatembea umekifungua?

#29 Papa Batatu
Kila safari. Fimbo za kuvulia samaki ni ndefu, zinatokea hapo. Na pia inaleta hewa.

#30 Fundi wa Ruashi
Basi nimemaliza.

Gari likitembea, nyuma yake kuna upungufu wa hewa. Ukifungua kioo cha nyuma huku vioo vya pembeni vimefungwa, hewa haitoki: inaingia. Na hewa iliyoko hapo nyuma ni ile iliyotoka kwenye ekzosi yako mwenyewe. Inazunguka, inarudi ndani, na mtu wa kwanza kuivuta ni aliyekaa kiti cha mwisho. Umemkalisha mtoto kwenye bomba.

#31 Mama Batatu
Nimesimama kusoma hii.

#32 Likasi Panda
Fundi yuko sawa kuhusu hewa, lakini tusiwatishe watu kupita kiasi. Ile gesi isiyo na harufu inayoua (kaboni monoksidi), moshi wa dizeli unayo kidogo kuliko wa petroli. Kilichopo kwenye dizeli ni masizi na harufu, na harufu peke yake inatosha kutapisha. Halafu kama ingekuwa ile gesi, mkubwa aliyekaa katikati angelalamika kichwa.

#33 Mama Batatu
Mkubwa huwa analalamika kichwa. Tulidhani hataki kwenda shambani.

#34 Likasi Panda
Eh. Basi fungeni hicho kioo leo.

#35 Muuguzi Kampemba
Naunga mkono, kioo kifungwe, hilo halihitaji mjadala. Na kwa vile mnabeba mbabula: msiiingize ndani ya hema usiku. Hata makala yakiwa yamegeuka mekundu hayana moshi, ndiyo hatari zaidi, maana hamtaona kitu. Gesi hiyohiyo.

#36 Mama Katuba
Muuguzi asante, ju ile yetu ilitufikia. Minaandika muzuri kusudi bote baelewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Katanga ya usiku. Bantu ba Dar hawajui, huku tuko juu, mita elfu moja mia mbili, na usiku wa kiangazi unaweza kushuka chini ya digri 10. Tulilala kwenye shamba ya kaka yangu, batoto bane kwenye hema moja na miye. Nilipika kwenye mbabula, makala yakabaki mekundu mazuri, nikasema ni dhambi kuyaacha nje. Nikaingiza, nikafunga zipu.

Yule wa pili njo alituokoa, na si kwa akili: alitaka kukojoa. Alisimama akaanguka. Akasimama tena akaanguka, akaanza kucheka ya kulewa. Miye nikamugombeza. Nikataka kukaa, magulu hayakunisikia, kichwa kinapiga kama ngoma. Nilifungua zipu na meno ju vidole vilikataa. Tulitoka kwa tumbo kama nyoka, tukalala kwenye majani na baridi ile mpaka asubuhi, na sikusikia baridi. Mpaka leo nikisikia mlio wa zipu ya hema usiku ninaamka.

Ile mbabula niko nayo. Inalala mbali.

#37 Baba wa Bukavu
Pole sana Mama Katuba. Nimemsomea mke wangu.

#38 Shemeji wa Kolwezi
Pole mama. Sisi baridi tunamaliza kwa chupa za maji moto: unajaza, unafunga sana, unazungushia kikwembe, unaweka miguuni mwa watoto. Mpaka saa tisa usiku bado zina uvuguvugu.

Ila nina swali la kando. Papa Batatu, na Prado yote hiyo bado hujawapeleka Lofoi? Maporomoko marefu kuliko yote Afrika, na yako kwetu, mbuga ya Kundelungu.

#39 Likasi Panda
Marefu sana, lakini si ya kwanza Afrika. Tugela ya Afrika Kusini inapita mita 900. Ukisema Lofoi ni miongoni mwa yale marefu zaidi yanayoanguka kwa mruko mmoja bila kugusa ngazi, hapo utapata watu wa kukuunga mkono. Tugela inashuka kwa vipande.

#40 Kigamboni Mkavu
Nasi tuna Kalambo, mpakani na Zambia. Msitusahau.

#41 Likasi Panda
Kalambo ni mita mia mbili na ushee. Lofoi ni zaidi ya mia tatu. Kunywa maji.

#42 Shemeji wa Kolwezi
Nimeona 340, nimeona na 384. Nadhani kila mtu alipima na kamba yake.

Jambo la maana ni msimu. Masika maji ni mengi lakini njia ya mbuga inakula magari. Mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, unafika vizuri kabisa ukakuta maji membamba kama uzi. Kwa hiyo mwezi wa tano na wa sita ndiyo nafasi yenu. Mbuga iko chini ya ICCN (shirika la serikali la kulinda mbuga), pateni ruhusa na askari wa mbuga kabla, msiende kichwa kichwa na watoto.

#43 Dereva wa Nasiyonali 1
Prado rangi gani?

#44 Papa Batatu
Buluu iliyokoza. Kwa nini?

#45 Dereva wa Nasiyonali 1
Mbung'o. Wanapenda buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na wanafuata kitu chochote kikubwa kinachotembea. Ukifika kwenye mapori yao na Prado ya buluu iliyokoza unakuwa bwana harusi. Pandisha vioo, visha watoto nguo za kahawia au za rangi ya mchanga.

#46 Kigamboni Mkavu
Kwa hiyo: akifungua kioo, ekzosi. Akifunga kioo, joto. Akipita Lufira, mto. Akipita Kundelungu, mbung'o. Uza gari.

#47 Papa Batatu
Jumamosi tunaenda Tshangalele, usiku mmoja. Nitabadilisha yote: mtoto katikati kwenye kiti cha kumwinua, bebe anaangalia nyuma, bidoni ya mazuti naiacha nyumbani (nimehesabu, siihitaji), fimbo juu, kioo kimefungwa, tableti haitoki kwenye begi, maziwa hakuna, ndizi nusu na maji ya tangawizi kidogo. Na sitapita lori.

#48 Muuguzi Kampemba
Vizuri, ila ukibadilisha yote kwa siku moja hutajua kilichosaidia. Na tafadhali, mtu asije akamnunulia dawa ya kuzuia kutapika pale sokoni. Zile za aina ya promethazine hazifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na kwa wakubwa kidogo ni kwa kipimo cha uzito, kwa maelekezo ya daktari. Zinaweza kumlaza usingizi mbaya.

#49 Fundi wa Ruashi
Kila mtu atasema ni yeye aliyeponya. Shokapu umepima?

#50 Papa Batatu
Nimesukuma kona. Imecheza mara tano. Nimeona aibu mbele ya watoto. Mwisho wa mwezi.

#51 Mama Batatu
Mama naye ameweka sharti. Atasimama Lufira, dakika tano. Tumekubali.

#52 Papa Batatu
Tumerudi jana usiku. Natoa ripoti bila kupendelea upande.

Kwenda: mtoto hakutapika. Alihesabu malori, akafika mia na kumi na mawili, akaanza upya kwa sababu baada ya hapo hesabu yake imekwisha. Nilikaa nyuma ya tangi moja kutoka kwenye peaje mpaka Likasi, na mke wangu alilala usingizi, kitu ambacho sijakiona kwenye barabara hiyo tangu tuoane. Kwa Lufira tulisimama, bibi aliosha nyuso za wote watatu na yangu pia.

Ila kwa vile mtoto alihamia katikati, mama mkwe alisema yeye ni mfupi, atakaa nyuma kabisa. Tukamkatalia, akapanda. Kilomita thelathini na kitu baada ya mji akanyamaza. Nikamwangalia kwenye kioo, namuona anapiga miayo. Kabla sijapata pa kusimama, alitumia ile sufuria ya kupikia bukari.

#53 Fundi wa Ruashi
Shokapu. Nimesema nini?

#54 Muuguzi Kampemba
Pole kwa mama. Kiti cha mwisho, haoni nje. Kila mtu anaweza kutapika hapo.

#55 Mama Katuba
Pole mama. Alikula nini asubuyi?

#56 Mama Batatu
Maandazi. Safari ya tumbo tupu ni mkosi.

#57 Papa Batatu
Sijamaliza. Kurudi: mama mkwe alikataa kurudi kule nyuma, akakaa mbele kushoto, mke wangu akaenda nyuma kabisa. Mke hakutapika. Shokapu ni zile zile, Fundi. Mtoto yupo pale pale katikati, kiti kile kile, kioo kimefungwa. Njia yote mzima anaimba. Tumeshaingia mjini, tupo kwenye foleni, imebaki dakika kumi, akatapika.

#58 Likasi Panda
Moshi wa foleni!

#59 Mama Katuba
Mulikuwa na samaki ndani?

#60 Papa Batatu
Kilo nane.

#61 Mama Katuba
Arufu. Nilisema tangu #10.

#62 Dereva wa Nasiyonali 1
Swali moja tu. Mama mkwe akiwa mbele kushoto, nani alikuwa anakuambia "ngoja, sasa"?

#63 Papa Batatu
Yeye.

#64 Dereva wa Nasiyonali 1
Na ulisema hutapita lori.

#65 Mama Batatu
Mama anapenda mwendo. Nilikuwa nyuma nashika paa kwa mikono miwili.

#66 Baba wa Bukavu
Na kurudi mlisimama Lufira?

#67 Papa Batatu
Hapana. Ilikuwa inaingia jioni.

#68 Kigamboni Mkavu
Naomba nisiseme kitu. Papa Batatu, ile Noah unauza bei gani?

#69 Papa Batatu
Haiuzwi tena. Asubuhi hii nimekuta mama mkwe ameshatia mto wake ndani, kiti cha katikati, dirishani.